Mstari na Nusu wa Bibi Yetu: Barua ya Wazi kwa Watunza Vitabu vya Misheni

Baba Paroko,
Waheshimiwa Wajumbe wa Halmashauri Walei,
Ndugu Katibu wa Ofisi ya Parokia,
Mkoa wa Iringa.

YAH: OMBI LA KUFUNGULIWA VITABU VYA UBATIZO, NDOA NA VIFO VYA KABLA YA MWAKA 1925

Tumsifu Yesu Kristo.

Nawaandikia hadharani baada ya kuwaandikia faraghani mara tatu, kufika ofisini mara tano na kuwatuma wazee wawili wa ukoo wetu wanisemee, bila kupata jibu hata moja lililoandikwa. Sikupenda tufike hapa. Nilibatizwa katika parokia hii, nilifunga ndoa hapa, na wazazi wangu wote wawili wamezikwa hapa. Kwa hiyo ninayoyasema nayasema nikiwa ndani ya nyumba, si kama mpita njia anayerusha mawe juu ya bati la watu. Jina la parokia silitaji, wala silitaji jina la mtu yeyote, kwa sababu wanaohusika watajitambua, na kwa sababu nimezungumza na ndugu wa parokia nyingine kongwe, kuanzia upande wa Njombe hadi Mbeya, ambao wamenieleza mambo yanayofanana mno na yangu.

Habari yenyewe ni ya mama mzazi wa babu yangu. Katika ukoo wetu, kama ilivyo kwa Wahehe wengi, mtoto hufundishwa kumtaja baba, babu na baba wa babu, akirudi nyuma hadi mahali ambapo kumbukumbu za wazee huanza kubishana zenyewe kwa zenyewe. Mimi naweza kutaja wanaume saba bila kuvuta pumzi. Wanawake waliowazaa wanaume hao siwezi kuwataja, kwa kuwa hakuna aliyenifundisha, na aliyepaswa kunifundisha naye hakufundishwa. Mwanamke aliingia katika ukoo wa mumewe, akazaa, akaheshimiwa, akazikwa. Baada ya vizazi viwili jina la kwao likawa limepotea.

Kilichobaki kwa mdomo kuhusu mama huyo, tunayemwita Bibi, ni kidogo. Tunajua kwamba alifika misheni akiwa mtoto, wakati wa njaa iliyofuata vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, pale watu wa Ubena na wa kusini zaidi walipotawanyika wakitafuta chakula baada ya majeshi ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala. Tunajua kwamba mumewe alichukuliwa kuwa mpagazi wa Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma mwaka 1916, mwaka ambao Waingereza waliingia Iringa mwezi Agosti, na kwamba hakurudi. Pale Dar es Salaam iko sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927, ambayo maandishi yake yanawakumbuka hata wapagazi. Majina yao hayapo. Na tunajua kwamba Bibi hakula nyama ya pongo, yule mnyama wa porini wa jamii ya swala, maisha yake yote, hata mwaka wa njaa nyingine, hata alipoandaliwa ugenini.

Msomaji wa Iringa ataelewa kwa nini pongo ni jambo kubwa. Ukoo una mwiko wake wa chakula, muzilo, ambao mtoto huurithi kwa baba yake. Sisi pongo tunamla. Mwiko ule basi ulikuwa wa kwao, na ndio uzi pekee unaotoka nyumbani kwetu kwenda kwao. Kaburi lake halitusaidii, kwa kuwa lilibaki kwenye mahame wakati Operesheni Vijiji ilipotuhamisha, na mahame hayo leo ni shamba la miti ya paini.

Zaidi ya miaka kumi iliyopita, paroko wa wakati ule, ambaye sasa ni marehemu, aliniruhusu kukaa na kitabu cha ubatizo kwa muda usiozidi robo saa, akiwa anajiandaa kwenda kigangoni kuadhimisha misa. Nilimpata Bibi. Sikumtambua kwa jina la ubatizo, kwa kuwa watakatifu waliopendwa na wamisionari wa Kibenediktini walikuwa wachache na wasichana walikuwa wengi. Nilimtambua kwa maneno yaliyoongezwa pambizoni kwa wino wa rangi nyingine, yakieleza ameolewa na nani. Agizo la Roma la mwaka 1907, lijulikanalo kwa maneno yake ya kwanza ya Kilatini, Ne Temere, liliwataka mapadre waiandike ndoa ya mtu kando ya ubatizo wake, na kwa agizo hilo jina la baba wa babu yangu lilikuwa pale, limekosewa herufi lakini likisomeka. Kwenye nafasi ya wazazi wa Bibi palikuwa na maneno mawili ya Kilatini, parentes pagani, yaani wazazi wapagani, bila majina. Chini yake, pambizoni, palikuwa na mstari na nusu wa Kijerumani kwa mwandiko wa kale, ambao machoni pangu ulikuwa kama meno ya msumeno. Neno moja tu lilikuwa katika herufi nilizozijua, kwa kuwa Wajerumani wa enzi hizo walizoea kuyaandika majina ya watu na ya mahali kwa herufi za Kilatini hata pale maneno mengine yalipokuwa katika mwandiko wao. Lilianza na Lu. Mwisho wake ulikuwa umezama katika mshono wa kitabu.

Lupembe iko Ubena. Ludewa ni kwa Wapangwa na jirani zao. Lugalo ni Uhehe kwenyewe, pale ambapo tarehe 17 Agosti 1891 watu wa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, walikishinda kikosi cha Wajerumani cha Emil von Zelewski. Herufi tatu au nne zilizofichwa na uzi wa mshona vitabu ndizo zinazonitenganisha na kujua kama Bibi alikuwa Mbena, Mpangwa au Mhehe mwenzetu, na maneno yaliyozunguka jina hilo huenda yanamtaja aliyemleta.

Simu yangu ya wakati ule ilikuwa ya tochi, haikupiga picha. Nikashukuru, nikaondoka, nikiamini kwamba kitabu kilichokaa karibu miaka mia kitaningoja na mimi. Tangu hapo nimejifunza kuusoma mwandiko ule, uitwao Kurrent, kwa majedwali ya herufi na kwa kukesha: e yake hufanana na n, na juu ya u huwekwa kijikunjo ili isidhaniwe kuwa n. Nilikuja kwenu nikiwa sijui kusoma nikafunguliwa. Sasa najua kusoma na nimefungiwa.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Nimenyimwa bila kuambiwa kwamba nimenyimwa. Mara ya kwanza niliambiwa ufunguo wa kabati uko kwa mtu aliyesafiri. Mara ya pili niliambiwa vitabu vya zamani vimepelekwa jimboni. Nikaenda nilikoelekezwa, nikaambiwa havijafika. Mara ya tatu niliambiwa vimeliwa na mchwa. Mara ya nne niliviona kwa macho yangu, vikiwa ndani ya katoni juu ya kabati, huku nikiambiwa kwamba anayehusika hayupo. Mara ya tano hapakuwa na mtu wa kuniambia lolote. Kitabu hakiwezi kuwa safarini, kuwa tumboni mwa mchwa na kuwa juu ya kabati kwa wakati mmoja. Lau ningekataliwa kwa barua fupi yenye mhuri, ningejua pa kukata rufaa, na pengine barua hii isingeandikwa.

2. Vitabu vinaharibika, na baadhi ya uharibifu unafanywa kwa nia njema. Hapa naomba mnivumilie nikae kidogo, maana hata kama hamtaniruhusu mimi kuvisoma, ni lazima viwepo ili wengine waje kuvisoma. Katoni niliyoiona ni ya mafuta ya kupikia, iko chini ya bati lenye tundu, na ukuta wa nyuma yake una doa la maji linaloshuka hadi usawa wa kabati. Kitabu cha juu hakina jalada. Kimefungwa kwa kamba ya katani, na kamba imekwishaanza kukata kingo za kurasa. Wino uliotumiwa sana enzi hizo una chuma ndani yake, na unapopata unyevu huila karatasi kuanzia kwenye herufi zenyewe, kiasi kwamba jina hutoboka na kubaki tundu lenye umbo la jina. Karatasi ya namna hiyo haitaki joto la dirishani, haitaki maji, na haitaki selotepu, ambayo gundi yake hugeuka kuwa ya kahawia na kuondoka na maandishi. Katika ile robo saa ya zamani niliona kurasa tatu zilizobandikwa selotepu. Niliona pia jambo lililoniuma zaidi: mtu fulani, bila shaka kwa kutaka kusaidia, alikuwa amepita na peni juu ya majina yaliyofifia akiyakoleza, na kila aliposhindwa kusoma alikisia. Jina lililofifia linaweza kusomwa na mtu mwenye subira kwa taa ya pembeni. Jina lililokolezwa kwa makosa limekufa mara mbili, maana aliyekuja baada yake ataliamini. Sihitaji kuwakumbusha mapadre sheria yao wenyewe, lakini walei wenzangu huenda hawajui kwamba kanuni ya 535 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inaitaka kila parokia iwe na vitabu vya ubatizo, ndoa na vifo, iwe na mahali pa kuvihifadhi, na ivitunze kwa uangalifu hata vile vya zamani. Katoni ya mafuta chini ya bati bovu haifanani na maneno hayo.

3. Nimepewa cheti pale nilipoomba ukurasa. Mwaka jana, baada ya kulipa ada niliyotajiwa, nilikabidhiwa cheti cha ubatizo cha Bibi, kimejazwa upya kwenye fomu ya siku hizi. Nakitunza kwa heshima zote, ila nataka mwelewe kwa nini hakikunitosha. Fomu ina nafasi ya jina, tarehe, mhudumu na msimamizi. Haina nafasi ya pambizo. Ule mstari na nusu haumo. Kwenye nafasi ya wazazi mwandishi amepiga kistari, na hivyo hata yale maneno mawili ya Kilatini hayamo. Jina la mumewe limerekebishwa lifanane na tunavyoliandika leo, wakati makosa ya kale ndiyo yanayomwongoza mtafutaji. Mjerumani aliandika tsch mahali pa ch yetu, sch mahali pa sh, na j mahali pa y. Kisha Wamisionari wa Konsolata, shirika lenye asili yake Torino, Italia, walipofika mwaka 1919 kuzichukua misheni ambazo Wabenediktini waliondolewa kwa sababu ya vita, sikio la Kiitaliano nalo likaja na mazoea yake, ambapo ch husomwa k. Ndugu watatu wa tumbo moja waliobatizwa mwaka 1912, 1921 na 1935 wanaweza kuonekana kama watu wa koo tatu. Anayejua jambo hili huwaunganisha. Aliyepewa vyeti vilivyonyooshwa huwakosa. Na cheti hicho kimenifundisha jambo jingine ambalo sidhani mlikusudia kunifundisha: kwamba kitabu kipo, kinafunguka, na kuna mtu aliyeketi nacho akakisoma mwaka jana, mwaka uleule ambao niliambiwa kimeliwa na mchwa.

4. Kuna wanaofunguliwa. Familia moja yenye undugu na kiongozi mmojawapo ilikaa na vitabu mchana kutwa ikapiga picha, na mgeni mmoja kutoka Ulaya aliruhusiwa siku nzima. Sina kinyongo na yeyote kati yao. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema. Hapa mgeni alikuja, na mwenyeji akabaki kwenye benchi la nje.

Najua majibu ambayo huenda mkayatoa, kwa kuwa baadhi yake nimekwisha kuyasikia dirishani.

Mtasema niende serikalini. Nimekwenda. Sheria ya usajili wa vizazi na vifo ya wakati wa Waingereza haikumlazimu Mwafrika kwa miongo mingi, kwa hiyo RITA, wakala wa serikali wa usajili huo, hawawezi kunipa kisichowahi kuandikwa. Kodi ya nyumba iliyoanzishwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19 ilihesabu nyumba na kumdai mwanamume mwenye nyumba. Faili za enzi hizo zinazotunzwa na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa zinaeleza habari za maofisa, mashamba, kesi na machifu. Na vitabu vya wilaya ambavyo maofisa wa Kiingereza walivijaza vina nasaba ndefu za watawala, kwa sababu walitaka kujua nani wamtawaze. Msichana mwenye njaa aliyefika misheni akiwa ameshikwa mkono na mtu asiyejulikana hakuwa na ofisa wa kumwandika. Aliyemwandika ni padre. Hilo ni deni langu kwa Kanisa na ninalikiri bila kusita, na ndilo linalonifanya nibishe hodi kwenu na si kwingine.

Mtasema kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Hoja hii naiheshimu kuliko zote. Pambizo za vitabu vile zimebeba siri: mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, mtoto aliyekombolewa kutoka utumwani, ndoa iliyobatilishwa. Singependa aibu ya mtu aliye hai isomwe na jirani yake. Lakini dawa yake ni kuweka mpaka wa miaka, si kufunga kabati zima. Ujerumani, sheria iliyoanza kutumika mwaka 2009 huviacha vitabu vya usajili viende kwenye hifadhi ya nyaraka vinapotimiza miaka 110 kwa vizazi, 80 kwa ndoa na 30 kwa vifo. Hapa kwetu Sheria Na. 3 ya mwaka 2002 inazifungua nyaraka za umma baada ya miaka 30. Najua kwamba sheria hiyo haivigusi vitabu vya Kanisa, ila inaonyesha kwamba nchi hii imekubali kuwa siri ina umri. Wekeni miaka 100 kama mnataka. Bibi alibatizwa kabla ya vita ya kwanza ya dunia.

Mtasema vitabu ni mali ya Kanisa. Ni kweli, na sijaomba kuvichukua. Mtaguso wa Trento ndio ulioagiza mwaka 1563 kwamba maparoko waandike ndoa na ubatizo, na Kanisa limekuwa likiandika tangu hapo. Lakini Kanisa hilohilo, katika nchi walizotoka wamisionari wetu, limevipiga picha vitabu vyake na kuviweka wazi: kwenye hifadhi ya mtandaoni iitwayo Matricula mtu husoma bure, akiwa nyumbani, vitabu vya parokia za jimbo la Passau huko Bavaria vya tangu karne za nyuma. Kwa hiyo kitukuu wa ukoo wa mmisionari anaweza kumtafuta bibi yake usiku akiwa na kikombe cha chai, na kitukuu wa aliyebatizwa na mmisionari huyo hawezi, ijapokuwa anakaa mwendo wa nusu saa kwa bodaboda kutoka kwenye kitabu.

Mtasema watu watatumia majina hayo kudai mashamba. Wapo watakaojaribu. Kitabu cha ubatizo hakimpi mtu shamba, na baraza la ardhi linalijua hilo. Tena ugomvi wa mashamba unaendelea kila siku na vitabu vikiwa vimefungwa. Kuhusu kwamba hakuna anayesoma Kijerumani wala Kilatini, mimi nipo, na sidai malipo.

La mwisho nililoambiwa, kwa tabasamu, ni kwamba mambo ya wafu hayana haraka. Katika mkoa huu? Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, uliopanga dunia baada ya vita kuu, ulitenga ibara ya 246 kudai fuvu la Mkwawa lirudishwe kutoka Ujerumani, na lilirudi mwaka 1954, miaka 35 baadaye, likakabidhiwa na Gavana Twining, na hadi leo watoto wetu wa shule hupelekwa Kalenga kuliona. Hakuna aliyesema wakati ule kwamba ni mfupa tu. Sisi hatuombi mkataba wala gavana. Tunaomba katoni ishushwe juu ya kabati.

Na haraka ipo. Mtoto wa kaka yangu, ambaye kwa Bibi ni kilembwe, amepeleka posa kwa familia yenye asili ya Lupembe. Mazungumzo yalikwenda vizuri hadi kwenye chakula, pale mzee mmoja wa upande wa binti alipoeleza, bila mtu kumuuliza, kwamba wao pongo hawamgusi. Wazee wetu waliangaliana. Hakuna aliyeikataa ndoa; wamesema kwanza ijulikane kama tunaoana na wajomba zetu au na watu baki, kwa kuwa mwiko mmoja unaweza kuwa wa koo zaidi ya moja na pongo peke yake si ushahidi. Vijana wale wawili wanasubiri jina linaloanza na Lu.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Katoni iondolewe chini ya bati lile kabla mvua za Novemba hazijaanza, na vitabu viwekwe kwenye kabati kavu lililonyanyuliwa kutoka sakafuni. Kabati hilo ukoo wetu uko tayari kulitengenezesha na kulileta bila masharti yoyote. Peni na selotepu vipigwe marufuku, na anayedhani jina limekosewa aandike dhana yake kwenye karatasi ya pembeni, aweke na tarehe. Vitabu vyote vya kabla ya mwaka 1925 vipigwe picha ukurasa kwa ukurasa, pambizo zikiwemo, kwa simu iliyowekwa juu ya kiegemeo karibu na dirisha bila kuwasha mwanga wa kamera, na nakala zikae parokiani, jimboni na mahali pa tatu nje ya jengo la parokia. Vijana wetu watatu, wakiwa chini ya usimamizi wa mtu mtakayemteua, watafanya kazi hiyo kwa siku mtakazopanga. Itengwe siku moja ya kila mwezi ambapo mzao yeyote, awe na undugu na kiongozi au asiwe nao, atakuja na barua ya jumuiya yake, alipe ada iliyobandikwa ukutani, apewe risiti, na asome akiwa amekaa mbele ya katibu. Na mimi nijibiwe kwa maandishi ndani ya siku 60, hata kama jibu ni hapana, na sababu zake zitajwe.

Mkiniuliza kati ya hayo lipi litangulie, nitasema ni katoni, hata kabla ya ukurasa wangu.

Kwa kuwa siku ya ofisi kwa wenye shida ni Jumanne, nitakuja kila Jumanne ya kwanza ya mwezi saa tatu asubuhi na kukaa kwenye benchi la nje. Sitaleta glovu, maana mikono safi na mikavu hugeuza karatasi kuukuu kwa usalama zaidi kuliko kitambaa. Nitaleta kioo cha kukuzia maandishi, daftari, na penseli badala ya peni.

Wenu katika Kristo,

Mwanaparokia, na kitukuu wa mama aliyeandikwa humo.

Nakala: Ofisi ya Jimbo, viongozi wa jumuiya ndogo ndogo za parokia, wazee wa ukoo, Iringa na Mbeya.